Aliyenyonya Ni Elia

Habari za msiba zilimfikia mdogo wangu kwanza, na hilo lilinichoma kabla hata machozi hayajanijia.

Nilikuwa nimekaa dukani kwake, katikati ya jiji la Durban, nikimsubiri afunge twende nyumbani. Elia anatengeneza simu. Duka lenyewe ni nusu duka: upande mmoja dada wa Kikongo anasuka nywele, upande wa pili ni meza ya Elia, taa yake, na harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka. Simu yake mwenyewe ikaleta ujumbe wa sauti. Akausikiliza huku mikono ikiendelea na kazi, kisha akaiweka bisibisi mezani.

"Grand," akaniambia, maana hivyo ndivyo vijana wa Kikongo wa hapa wanavyomwita kaka mkubwa, "iko mama moja analia. Anasema mama yetu amekufa."

Nikasimama. Mama tulikuwa tumemwacha nyumbani Overport asubuhi ileile, mzima, akigombana na fundi wa lifti. Nikampokonya simu nisikie mwenyewe. Ilikuwa sauti ya Raya, binti tuliyemwacha Oman, na niliitambua ingawa mara ya mwisho kuisikia ilikuwa sauti ya mtoto.

"Ilyasi ndugu yangu," ilisema, "mama yetu ametutoka. Tumemzika leo baada ya adhuhuri. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Ilyasi ndiye Elia. Oman walimwita kwa jina la kwao. Mama yetu maana yake mama wa Raya na wa Elia. Nikausikiliza ujumbe mara ya pili, nikilitafuta jina langu. Halikuwamo.

"Ni yule mama wa Oman?" Elia akauliza. "Yule alininyonyesha?"

"Ndiye."

"Eish. Maskini," akasema, akaichukua tena bisibisi yake.

Mdogo wangu hana ubaya. Anamjua Bi Zuwena, marehemu huyo, kama mtu anavyoijua chanjo yake ya uchanga: kaambiwa alichomwa, alama anayo, basi. Mimi ninayemkumbuka mpaka nyufa za visigino vyake, mpaka ubani ulioganda kwenye kanga yake ya jikoni, nilisikia kifo chake kwa kudoea simu ya mwingine. Wenye wadogo zao watanielewa. Kuna vitu mdogo wako hupewa bila kuomba, na wewe ukiviomba unaambiwa umekua.

Tulikwenda Oman kwa ajili ya ualimu. Baba ni mtu wa Tanga, Mama ni wa Bukavu, walikutana hapa Durban, na wote wawili walikuwa walimu: Baba wa hesabu, Mama wa Kiingereza. Kazi zao za hapa zilikuwa za kuokoteza, muhula huu ipo, muhula ujao haipo. Baba akapata nafasi katika shule ya wavulana mjini Ibra, ndani kabisa ya Oman, mbali na bahari, na Mama akapata katika shule ya wasichana mji huohuo. Mimi nilikuwa na umri wa kutumwa dukani lakini si wa kuachiwa funguo.

Kuzoea kulituchukua muda, na kila mtu alizoea kwa njia yake. Mwisho wa juma kule siku hizo ulikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo Mama, ambaye Durban hakukosa kwaya hata akiwa na homa, Jumapili alikuwa amesimama mbele ya ubao akifundisha vitenzi. Baba alikaribia kuuawa na kahawa. Alialikwa na wazazi wa wanafunzi wake, na kila akimaliza kikombe kile kidogo anamiminiwa kingine. Naye kwa adabu za Tanga hakuweza kukataa, akanywa mpaka mikono ikawa inatetemeka. Hakuna aliyemwambia kwamba ukitosheka unakitikisatikisa kikombe unaporudisha. Alikesha akisahihisha madaftari ya darasa zima, akayamaliza, akaanza kupiga pasi.

Mimi sikuwa na kwaya wala kahawa. Shuleni kwetu walisoma watoto wa walimu wa kigeni, Wamisri, Wasudani na Wahindi, na kila kundi lilikuwa na kona yake uwanjani. Nilikula mkate wangu karibu na bomba la maji. Nilipowaambia ninatoka Afrika Kusini waliniangalia usoni, wakaniuliza simba, nikawaambia simba sijawahi kumwona, wakaniacha.

Kilichoniokoa ni mlango mdogo wa kijani. Tulipanga nyumba ya uani ya familia moja ya pale, na kati ya ua wetu na wao kulikuwa na ukuta wenye mlango huo. Jioni tuliyofika ukagongwa, akaingia mwanamke mnene amebeba bakuli la harisi, bokoboko la kwao, linalofuka moshi, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Hodi jamani. Nyie ndo waalimu?" Mama alikaa kitako juu ya sanduku la nguo akacheka kwa mshangao. Bi Zuwena alizaliwa Unguja, akapelekwa Oman angali msichana, na Kiswahili chake alikuja nacho. "Karibuni nyumbani," alituambia. Durban nimezaliwa, lakini kwenye teksi watu walikuwa wakituuliza tutarudi lini kwetu. Mtu wa kwanza kuniambia niko nyumbani alikuwa huyu Mwarabu mwenye bakuli.

Toka siku ile nilihamia jikoni kwake. Mume wake alifanya kazi Maskati na kurudi mwisho wa juma, kwa hiyo siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya Bi Zuwena, binti yake Raya aliyekuwa rika langu, na mimi. Tuliketi chini kwenye mkeka tukichambua tende, mbivu huku, za mbuzi kule. Bi Zuwena alikuwa na mbuzi wawili, na kila jioni alitupa bilauri ya labani, yale maziwa yaliyosukwa yakachachuka, yametiwa chumvi. Raya hakuyapenda, akawa ananimiminia na yake. Bi Zuwena alikuwa akinitania, "We mtoto utageuka mbuzi." Aliponiita mtoto nilisikia raha mpaka masikioni.

Kisha Elia akazaliwa. Bi Zuwena naye alikuwa amejifungua karibuni mtoto wa kiume, Said, basi ua ukajaa nepi pande zote mbili. Elia hakuwa ametimiza miezi miwili Mama aliposhikwa na jipu la titi, homa ikapanda hadi akaweweseka kwa Kifaransa, na gari la wagonjwa likamchukua kumpeleka Maskati kufanyiwa upasuaji. Elia tulibaki naye. Chupa akaikataa. Baba alibadilisha chuchu, akabadilisha maziwa, akamwimbia, akamtembeza. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka.

Bi Zuwena akapita kwenye mlango wa kijani bila kubisha.

"Mwalimu," alisema, "nipe nimnyonyeshe. Lakini skiza kwanza. Akinyonya akashiba, keshakuwa mwanangu. Wanangu ndugu zake, hawaoani hawa mpaka kiama. Nishamuuliza mume wangu kwa simu, kakubali. Na wewe nakuuliza."

Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba na shati limelowa.

"Bi Zuwena," alisema, "mtoto ana njaa."

Akamchukua, akageuka upande wa ukuta, na ghafla kukawa kimya. Baba alikaa chini akajifuta uso kwa nepi safi. Mimi nilifurahi kama yeye, nisiseme uongo. Wivu ulikuwa bado uko njiani.

Mama alirudi amekonda, maziwa yamekauka, akakuta mtoto ana mashavu. Aliambiwa habari yote. Alishukuru, alimshika Bi Zuwena mikono yote miwili, na mlango ulipofungwa akamgeukia Baba.

"Kwa hiyo sasa mutoto yangu iko na mama wawili?"

"Alikuwa anakufa na njaa, mama Elia."

"Sisemi hapana. Nauliza tu."

Alikuwa akiuliza vile kwa miezi. Mchana akiwa shuleni Elia alikwenda upande wa pili, na alirudi jioni ananukia ubani. Mama akamwogesha upya hata kama alikuwa ameshaogeshwa.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nilisikia wanawake waliokuja kumtembelea Bi Zuwena wakimbusu Elia na kusema maziwa yamemfanya wa nyumba hii. Nikajiambia, kama ni maziwa, nani ameyanywa kuliko mimi? Elia alinyonya kidogo akalala. Mimi nimekunywa labani ya nyumba hii bilauri kwa bilauri, yangu na ya Raya. Nikatembea kifua mbele. Kwa mahesabu yangu mimi nilikuwa kaka wa Raya kabla Elia hajazaliwa, na wala sikuona haja ya kumwuliza mtu.

Ukapita mwaka, na mwingine ukaanza. Elia akawa anatembea. Ibra ina soko la wanawake siku ya Jumatano: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume haingii. Nilikuwa nikienda na Bi Zuwena na Raya, kazi yangu kubeba kikapu. Jumatano moja, tumefika langoni, bibi mmoja muuza manukato mwenye barakoa nyeusi ya kimila akaninyooshea kidole, akasema jambo kwa Kiarabu. Wanawake wakacheka. Bi Zuwena naye akacheka, akanishika kidevu.

"Anasema hapa pameota ndevu. Umeshakuwa mwanamme, mwanangu. Tungoje hapo kivulini."

Wakaingia. Elia alikuwa juu ya kiuno cha Bi Zuwena, na alinipungia mkono, mshenzi yule. Nilisimama kivulini na kikapu kitupu, nikaona wivu waziwazi.

Nyumbani mambo yakafuata palepale. Mlango wa kijani ukawa wa kupigwa hodi na kusubiri. Kama Bi Zuwena ana wageni wa kike, naambiwa njoo baadaye. Kama mume wake yupo, napitishwa mlango wa mbele, majlisi, sebule ya wanaume, ninakaa kwenye mto pamoja na wazee wanaozungumzia bei ya ngamia na kunisifu kwa kunyamaza. Na Raya akaanza kuvaa mtandio nikifika. Hakuacha kunisalimia, ila sasa alinisalimia akiwa anapita. Huku Elia, asiyejua hata kujifunga kamba za viatu, alikuwa akikatiza nyumba nzima, anaingia vyumbani, analala kitandani kwa Raya, anasukwa nywele pamoja na wanawake, na hakuna siku angeambiwa basi. Hata aje ndevu zimfike kifuani. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi: kwamba yangu imekwisha, na yake haitakwisha.

Nikaenda kudai. Nilimsubiri Bi Zuwena awe peke yake uani akianika tende, nikasimama wima kama ninayejibu swali darasani.

"Bi Zuwena, na mimi nimekunywa maziwa ya nyumba hii. Nimekunywa kuliko Elia."

"Maziwa gani?"

"Labani."

Alicheka. Alicheka akaketi, akacheka akafuta macho kwa ncha ya kanga, "Ya mbuzi! Basi nenda kamwite mbuzi mama!" Kisha akaniona uso, akakatisha. Akanivuta nikae kando yake juu ya jamvi.

"Skiza. Si maziwa ya bilauri. Ni ya kifua, na ni kabla mtoto hajafika miaka miwili. Wewe ulikuja mkubwa, mwanangu. Umechelewa."

"Sasa mimi ni nani?"

Alifikiri. Angeweza kuniongopea, watu wazima huongopea watoto kwa makubwa kuliko hayo.

"Wewe jirani yangu," alisema. "Jirani kwetu ana haki kubwa. Mpaka Mtume kausia."

Sikutaka haki. Nilimwambia asante, kwa sababu nimelelewa, nikaondoka kwa mlango wa kijani nikaufunga polepole ili asijue nina hasira. Ni kweli alinipenda, nilijua, na kujua huko hakukunisaidia kitu.

Mama alinikuta nyuma ya tangi la maji. Hakuniuliza nini. Nadhani alisikia kicheko cha ng'ambo, na watu wenye ugonjwa mmoja hawaulizani dalili.

"Elia iko wapi?" aliuliza.

"Kwao," nikasema.

Mama akanitazama, kisha akakunja gauni lake, akaketi palepale mchangani akiegemea tangi. "Kuya, papa," alisema, maana kwao mtoto wa kiume huitwa baba, akanigongea nafasi kando yake. "Tuikale wote wawili."

Tukakaa. Ng'ambo ya ukuta Elia alikuwa akifukuza mbuzi, na Bi Zuwena na Raya walikuwa wakimshangilia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kama si yeye mutoto angekufa. Njo maana siwezi hata kumuchukia vizuri." Sijawahi kusikia tena mtu akieleza wivu kwa ufupi namna hiyo.

Mkataba ulipokwisha tukarudi Durban, tukapanga tena Overport. Elia alilia uwanja wa ndege mpaka akatapika, na kabla ya Krismasi alikuwa amewasahau wote. Nilimjaribu. Nilimwonyesha picha, nikamwuliza huyu nani, akasema, "Gogo," kama anavyomwita bibi yeyote wa Kizulu tunayekutana naye kwenye ngazi. Nilikasirika nusura nimzabe kibao. Mali ile yote, na mwenyewe ameiacha njiani kama kofia. Kila Idi Bi Zuwena alipiga simu; alizungumza na Mama kwa muda mrefu, kisha anasema, "Nipe mwanangu," na Elia anaitwa kutoka kwenye mpira wake, anajibu ndiyo, hapana, sharp, ile sawa ya Durban, anakimbia. Mimi nilikuwa nikipewa salamu. Salamu zilifika zote, siwezi kulalamika.

Siku ile ya msiba tulifunga duka mapema. Mama aliposikia aliketi na mkoba mkononi na koti mwilini, akalia kwa sauti, akamwita marehemu dada. Baba aliyafungua madirisha yote, sijui kwa nini. Kisha Mama akasema ni lazima Elia apige simu, tena ya picha, wamwone. Mtoto hawezi kuzikiwa mama akatuma ujumbe.

Elia akaingia chumbani, akaniita kwa kichwa nimfuate. Aliweka simu juu ya meza, ameiegemeza kwenye kikombe.

"Grand, mi nitasema nini? Simjui ule mama. Nisaidie."

"Mpe pole."

"Na baadaye?"

Nikakaa pembeni ya kitanda, mahali ambapo simu hainioni. Ikaita, Raya akapokea. Nilimwona kwa ubavu wa kioo: mwanamke mtu mzima, macho yamevimba, kichwa wazi, nywele zimeanza mvi mbele, mtandio umeshuka mabegani kama mtu aliye chumbani kwake na nduguze. Alimwambia Elia amefanana na Baba. Elia akatoa pole, vizuri tu, kisha maneno yakamwishia, akanitupia jicho.

Nikamnong'oneza. Nilimwambia kuhusu mvua. Ibra mvua ikinyesha ni sikukuu, na Bi Zuwena alikuwa akitoka uani na sufuria zake zote, kubwa na ndogo, anazipanga zijae, kisha yeye mwenyewe anakaa katikati ya sufuria, miguu mbele, anaimba nyimbo za harusi za Unguja mpaka analowa chepe.

"Namukumbuka siku ya mvua," Elia akasema kwenye simu. "Alikuwa anapanga masufuria, anakaa katikati, anaimba."

Raya akaziba mdomo kwa mkono. Alilia, akacheka, akalia tena. "Na ile ndogo akijivika kichwani," alisema.

"Na ile ndogo akijivika kichwani," nilikuwa nimeshamnong'oneza Elia, naye akabaki ameduwaa kati yetu wawili.

Raya akasogeza uso karibu na simu.

"Ilyasi, we ulikuwa hujaota meno mvua ile. Nani anakwambia haya?"

"Ni grand. Iko hapa, kando yangu."

"Yupo hapo muda wote?"

"Eeh."

"Ngoja," alisema Raya.

Nikasubiri. Nilisikia kitambaa kikivutwa, pini ikiangukia kitu kigumu, ikiokotwa. Kisha akasema, "Haya, aje."

Elia akanigeuzia simu. Alikuwa amejifunika mpaka kwenye paji la uso, mtandio umebanwa vizuri chini ya kidevu, na macho yake yalikuwa yaleyale ya mkekani. Nikampa pole. Akapokea. Akasema nilivyokuwa nikimwondolea labani yake amewahadithia wanawe wote. Tukamlilia Bi Zuwena kwa muda, yeye bintiye na mimi, kwa adabu, kila mmoja akimngojea mwenzake amalize. Sijui mtu mwingine duniani aliyebaki wa kumlilia naye namna hiyo.

Halafu akaniuliza kama anaweza kuzungumza kidogo zaidi na ndugu yake. Nikamrudishia Elia simu. Mtandio ulianza kushuka kabla sijatoka kitandani, nikageuza uso haraka kuelekea dirishani.